Mlango wa Atusaye

Asubuhi Epifania alitandaza maharage yake sokoni Mazwi, kama kila siku. Mwanawe Gift, wa miezi minane, alikuwa mgongoni. Baridi ilikuwa kali. Akamfunika vizuri kwa shali.

Wilibrodi, dereva wa bodaboda, akasimama mbele yake.

"Mama Gift, mambo? Ile khanga ya maua mekundu bado unayo?"

Wenzake kijiweni wakaangua kicheko.

Epifania aliacha kupanga maharage. Khanga ile haikuwahi kutoka chumbani. Siku moja alijifunga hiyo tu, akajipiga picha akimnyonyesha Gift. Alimtumia mtu mmoja, mumewe Teodori, aliyekuwa shambani Milepa.

Papo hapo akampigia.

"Baba Gift, umewaonyesha watu picha yangu!"

"Mimi? Sijamwonyesha mtu."

"Sasa imefikaje kijiweni? Kwa miguu?"

"Basi labda umewatumia mwenyewe," Teodori akasema.

Neno hilo lilimchoma. Akakata simu. Wiki mbili zikapita bila salamu.

Jumapili jirani yake Cornelia akamfuata nyumbani. "Amka twende Katandala. Mwalimu Atusaye ameleta mlango wake wa ajabu ukumbini. Ukizidi kujifungia humu utaota ukungu."

Atusaye alifundisha kompyuta darasa la jioni. Alipenda pia sanaa. Katikati ya ukumbi alikuwa amesimamisha mlango wa mbao usio na nyumba. Juu yake palikuwa na kamera. Pembeni palikuwa na kioo cha simu chenye maneno mengi madogo, na chini yake kitufe: NAKUBALI.

Epifania hakusoma. Nani angesoma yote yale? Akabonyeza. Mlango ukafunguka wenyewe. Ukutani ukatokea uso wake, mkubwa kama nyumba, na maandishi: USO HUU SASA NI WANGU.

Watu wakacheka. Epifania akalia.

"Futa! Nani kakuruhusu?"

"Wewe, dada yangu. Ulibonyeza," Atusaye akasema kwa upole. Akaifuta picha ile mbele yake. "Mimi nimefuta. Wengine hawafuti. Nimeutengeneza mlango huu ili tuumie hapa, tusiumie huko nje."

"Mimi tayari nimeumia," Epifania akanong'ona. Akamweleza yote.

Atusaye akafikiri. "Simu yako, akaunti alikufungulia nani?"

"Fundi Alfonsi, nilipoinunua. Neno la siri aliniandikia. Hili hapa, ndani ya kava."

Cornelia akachungulia kile kikaratasi. Akashtuka. "Mbona hata langu ni hili hili?"

Atusaye akafungua mipangilio ya simu, sehemu ya usalama. Palikuwa na orodha ya simu zilizoingia kwenye akaunti ile. Zilikuwa mbili.

"Hii moja ni yako. Hii nyingine ni ya nani?"

Epifania akakitazama tena kile kikaratasi cha Alfonsi. Alikwishaelewa.

"Kila picha unayopiga inahifadhiwa kwenye akaunti," Atusaye akaeleza. "Mwenye neno la siri anaziona zote. Kwanza tupige picha orodha hii, iwe ushahidi. Kisha itoe simu ya fundi. Kwenye akaunti weka namba yako ya simu badala ya yake. Tunga neno la siri jipya, refu. Usitumie jina la mtoto. Usimwambie mtu, hata mimi."

Akageuka, akampa mgongo. Epifania akaandika mwenyewe, herufi moja moja.

Kesho yake Epifania na Cornelia walikwenda kwa Alfonsi.

"Si nilikusaidia bure?" fundi akasema, bila haya. "Na picha yenyewe nzuri."

Hawakubishana naye. Walikwenda moja kwa moja polisi, kwa kuwa kusambaza picha ya mtu bila ridhaa yake ni kosa. Maelezo yaliandikwa. Wiki hiyo wanawake kumi na mmoja, wateja wa Alfonsi, walibadilisha maneno yao ya siri mezani kwa Atusaye. Alfonsi hakuziona tena picha zao mpya.

Lakini ile ya khanga ilikuwa imeshasambaa. Haikurudi. Kila Wilibrodi alipopita, Epifania aliinamia maharage yake.

Jioni moja akampigia Teodori. Akamweleza habari ya fundi.

"Nilikuambia sikumwonyesha mtu," Teodori akasema.

"Ulisema pia nimewatumia mwenyewe."

"Nisamehe, mama Gift," Teodori akasema. "Mtoto amekua? Nitumie picha nimwone."

Epifania alimtazama Gift akijaribu kusimama, ameshika ndoo. Simu ilikuwa mkononi. Sasa ilikuwa yake kweli.

"Hapana," akasema. "Njoo umwone."

Jumamosi Teodori alifika, miguu imejaa vumbi la Milepa.