Aliyefika Mwisho

Haya yalimpata jirani yetu Taimi, mjane wa Eljas, na huku kwetu kaskazini hakuna anayeyafanyia mzaha.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tatu, siku njema, jua likimetameta juu ya theluji hadi macho yanauma. Taimi alifunga mkate mweusi, soseji na kahawa, akavaa skii zake, mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji. Marafiki wawili wa marehemu mumewe, Tuure na Jalmari, walikuwa wakimngoja uani.

"Amani ya Mungu, shemeji."

"Amani ya Mungu," akaitikia. Waumini wa kwao husalimiana hivyo.

"Leo tutamvuta Jalmari kwa kamba," Tuure alisema. "Tumbo hilo halipandi mlima."

"Tumbo langu lina akili kuliko kichwa chako, bwana."

Taimi alicheka kidogo. Kwa miaka mingi wanaume hao wawili na Eljas walikwenda kila mwisho wa juma kwenye kibanda cha porini, ng'ambo ya ziwa, kuvua samaki kwenye matundu ya barafu. Mwaka uliopita Eljas alichelewa kwa sababu ya ibada, akaenda peke yake, wenzake wakiwa wamesharudi. Alikutwa kibandani ameganda, jiko baridi, mfukoni kiberiti kitupu. Watu wakasema alikuwa mzembe: mtu mzima kushindwa kuwasha moto! Tuure naye alisema hivyo, tena kwenye matanga. Neno hilo Taimi alitembea nalo mwaka mzima kama kokoto kiatuni. Sasa alitaka kupaona mahali hapo kwa macho yake.

Kibanda cha porini hakina kufuli. Kina sheria mbili, na mtoto wa kwetu huzijua kabla hajaijua sala ya Baba Yetu. Aliyefika mwisho ndiye mwenye haki kuliko wote, waliotangulia wasogee. Na anayeondoka aache kuni kavu zilizopasuliwa, kwa ajili ya mtu asiyemjua.

Walifika salama. Tuure aliwasha jiko la chuma, likanguruma. Taimi akavua koti, kisha sweta. Jalmari alikuwa anatetemeka.

"Ongeza kuni."

"Jiko limekuwa jekundu, unataka nini zaidi?" Lakini Tuure mwenyewe hakuwa amevua glovu.

Taimi akawatazama. Pumzi za wanaume wale zilitoka kama moshi mweupe. Yake haikuonekana. Jasho lilikuwa linamtiririka mgongoni. Kahawa ya Jalmari, aliyoimimina Taimi mwenyewe ikichemka, ilikuwa imefanya utando wa barafu.

Nje, mtu akagonganisha skii zake kukung'uta theluji. Mara mbili. Kama kila mtu afanyavyo kabla ya kuingia.

Wakangoja. Mlango haukufunguliwa.

"Fungua," Jalmari alinong'ona.

"Fungua wewe."

Taimi akafungua. Mchana mweupe. Hakuna mtu. Wao walikuja kwa njia ya msituni, lakini alama za skii zilitoka ziwani, moja kwa moja hadi kizingitini. Za kurudi hazikuwapo.

Akasema kama alivyolelewa kusema. "Karibu. Nafasi ipo."

Hakuna kilichopita. Hata upepo. Ila Jalmari, bila kugeuza kichwa, alisogea kwenye benchi. Akasogea tena. Akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yake na Tuure.

Kisha akaanza kulia.

"Siku ile tulichoma kuni zote, Taimi. Tulioga bafu la mvuke, tukachoma hadi vibanzi. Shoka tukalisahau nje, likafukiwa na theluji. Tulikuwa tunawahi mechi kwenye televisheni."

"Nyamaza," Tuure alisema.

"Alipiga simu! Alisema yuko njiani. Wewe ukasema, kwa upepo huu atarudi nyumbani."

Hapo Taimi akakielewa kile kiberiti kitupu. Njiti moja baada ya nyingine, chini ya gogo bichi lenye barafu. Hadi ya mwisho.

Jalmari akapiga magoti. Midomo yake ilikuwa ya bluu. "Naweza kuamini nimesamehewa?"

Kwa imani yao, anayeuliza hivyo hujibiwa na muumini yeyote aliye karibu. Taimi akaitazama ile nafasi tupu kwenye benchi. Kisha akatamka, polepole, kama mtu anayelipa kodi. "Amini. Dhambi zako zimesamehewa katika jina la Yesu na damu yake." Moyoni mwake hamkuwa na kitu. Hata hivyo mvuke ulikatika kinywani mwa Jalmari, na jasho likamtoka usoni. Mungu alikuwa ameyapokea maneno ambayo Taimi hakuyamaanisha.

Akamgeukia Tuure.

"Mimi sijaua mtu," Tuure alisema, meno yakigongana.

Walirudi nyumbani.

Ilipofika kiangazi, msimu wa jua lisilozama, mbu wamejaa kila mahali, Inkeri, mke wa Tuure, alikuja kwa Taimi. Alikuwa amekonda.

"Njoo umwambie lile neno la msamaha, dada. Nakuomba."

"Ameliomba?"

"Unamjua Tuure."

Taimi akaenda. Tuure alikuwa jikoni, amevaa kofia ya manyoya, amelikumbatia jiko. Hakusalimu. Inkeri akampitisha hadi chumbani. "Mimi silali humu tangu Pasaka," alinong'ona, akafunua blanketi.

Shuka lilikuwa na barafu nyembamba, na juu yake alama za miili miwili. Moja ilikuwa ya Tuure, imebanwa hadi ukutani. Ya pili ilikuwa ya mtu aliyelala ubavu, magoti ameyakunja, mkono mmoja chini ya kichwa.

Taimi aliitambua. Alikuwa amelala karibu na umbo hilo maisha yake yote ya ndoa.

Nyumbani kwake, upande wa Eljas kitandani aliutandika upya kila asubuhi tangu matanga, akimngoja. Haukuwahi kukutwa hata na kikunjo kimoja.