Kurasa Nne za Ripoti ya Migomba

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi ya Alhamisi, tarehe 17 Oktoba 2024, Prudensia Mutalemwa alifungua ripoti ya mnyauko wa migomba juu ya meza ya maktaba yake, Omurushaka, akakuta ukurasa wa 40 unatazamana na wa 45.

Akafunua tena, polepole. Karatasi mbili, kurasa nne, hazikuwepo.

"Ndizo hizo hizo ninazozitaka," alisema Beata, afisa ugani wa Kimuli, koti la mvua likiwa bado mwilini. "Zina ramani ya mashamba mama, yale yanayotoa miche, yaliyokutwa na ugonjwa. Keshokutwa lori linashusha miche kwetu, kaya mia nne. Mche wenye ugonjwa unaweza kuonekana mzima kabisa. Bila ramani sijui upi ukataliwe, na bosi wangu kasema bila karatasi mkononi hazuii kitu, mvua zimeshaanza."

"Usihofu, waitu, ndugu yangu. Nakala zipo tatu."

Hiyo ndiyo iliyokuwa maana ya ushirikiano wao. Maktaba tatu ndogo za utafiti, za Ihanda, Omurushaka na Kimuli, zilikuwa na orodha moja kwenye kompyuta na zilitumiana vitabu, ili mtu wa huku asikose kilichoko kule. Ripoti hiyo ilichapwa nakala tatu tu, moja kwa kila maktaba. Mtafiti aliyeiandika alikuwa amefariki, na kompyuta yake haikupatikana tena.

Prudensia alipiga simu Kimuli. Celestina, mkutubi wa huko, alikwenda rafuni akarudi na sauti ndogo. "Hazipo, dada. Arobaini, halafu arobaini na tano." Saa nne kasorobo, Ihanda nao wakajibu vivyo hivyo.

Beata akavuta kiti akakaa bila kukaribishwa.

Daftari la pamoja la kuazima lilikuwa na jina moja tu. Nakala za Kimuli na Ihanda hazikuwahi kutoka. Ya Omurushaka ilitoka tarehe 6 Agosti, ikarudi siku hiyo hiyo. Aliyeichukua ni Aristides, mfanyabiashara wa miche. Miche ya Jumamosi ilikuwa yake.

Walimkuta dukani, upande wa pili wa barabara.

"Aristides, kurasa za ripoti yetu ziko wapi?"

"Kurasa gani, dada? Mimi nilitaka habari za mbolea tu." Akatafuta kwenye faili, akatoa kopi. Pale pale, kwenye karatasi moja, ukurasa wa 40 ulikaa ubavuni mwa 45, na muhuri wa duka la kopi ulisomeka tarehe 6 Agosti. "Nilidhani mlikosea kuchapa."

"Na miche yako?" Beata aliuliza kwa ukali. "Umeitoa wapi?"

"Mashamba mama yote kumi na manane. Yana vyeti vya afya, hivi hapa. Havijafutwa."

Prudensia alivitazama. Vyote kumi na vinane vilikuwa na tarehe moja na saini moja, ya Verdiana, mkaguzi wa mimea, aliyezikwa miaka mitatu nyuma, muda mfupi baada ya tarehe hiyo. Prudensia mwenyewe alikuwepo makaburini siku ya mazishi.

"Si huyu," alimwambia Beata walipotoka. "Kurasa zilikatwa kabla ya Agosti, na nakala nyingine mbili hakuwahi kuzichukua."

Saa saba na nusu alikuwa mezani na kioo cha kukuzia. Mkato ulipita sawasawa kando ya rula, kwa wembe. Upana wa kidole ulikuwa umeachwa karibu na mshono, kisha ukabandikwa kwa gundi kwenye ukurasa unaofuata ili kitabu kisilegee. Mwizi wa kurasa huchana na kuondoka. Huyu alikihurumia kitabu. Mtu aliyewahi kumfundisha Prudensia kubandika namna ile alikuwa mmoja tu.

Akafungua orodha ya pamoja. Mahali palipokuwa na "kurasa 96" palisomeka "kurasa 92", kwa nakala zote tatu, na badiliko lilifanywa tarehe 12 Juni. Wiki hiyo ndiyo iliyokuwa ya kuhesabu vitabu katika maktaba zote tatu. Aliyehesabu alikuwa mmoja, na ndiye mwenye neno la siri la orodha.

Saa kumi na robo alishuka kwenye bodaboda mbele ya kibanja cha Placidius, Ihanda. Mzee huyo ndiye aliyeziunganisha maktaba zile na kuzihesabia vitabu, ndiye mwalimu wake, na ndiye mume wa marehemu Verdiana.

"Shikamoo, Ta Placidius."

"Marahaba, mwanangu. Mvua haijakukamata njiani?"

"Nimekuja kwa ajili ya ukurasa wa 41 mpaka 44."

Mzee hakujaribu hata kukana.

"Umejuaje?"

"Ulibandika gundi. Kisha ulipunguza idadi ya kurasa kwenye orodha. Na vyeti vyote kumi na vinane vina saini ya Ma Verdiana, siku moja. Hakuna mtu anayekagua mashamba kumi na manane kwa siku moja."

"Alikuwa hawezi hata kukaa," alisema Placidius. "Mimi ndiye niliyempelekea fomu kitandani. Nilimshika mkono akasaini, kwa kuwa aliona aibu kuitwa mzembe. Halafu ripoti ikaja, ikamtaja kwa jina kwenye kurasa hizo. Watu wangemkumbuka kwa hilo tu."

"Kurasa ziko wapi?"

"Nilizichoma jikoni."

"Ramani ilionyesha mashamba gani? Taja hata mawili. Kaya mia nne, baba!"

"Sikuisoma ramani. Nilitazama jina lake tu."

Placidius aliandika waraka wa kukiri kosa lake kwa mwandiko mzuri, akatia saini. Asubuhi ya Ijumaa Beata aliupeleka kwa bosi wake, ofisini Kyerwa. Bosi aliusoma mara mbili. "Huu unasema kurasa zimechomwa," alisema. "Hausemi shamba lipi lina ugonjwa. Nizuie miche ya mashamba kumi na manane kwa barua ya mzee mwenye huzuni?"

Jumamosi lori lilifika. Beata alisimama mbele yake akiwasihi watu wasipokee. Wengine walimsikiliza. Wengi walikuwa wameshachimba mashimo.

Placidius alifikishwa mahakamani kwa kuharibu mali ya maktaba, na maktaba za Ihanda na Kimuli zikajitoa kwenye orodha ya pamoja. Mwezi wa pili, mwaka uliofuata, Beata alimpigia Prudensia simu. Kwa mbali, nyuma ya sauti yake, panga lilikuwa likikata.

"Majani yamegeuka njano kwa kaya sitini na moja," alisema. "Leo tunang'oa migomba ya mama yangu."

Prudensia alilisikiliza panga mpaka Beata alipokata simu.