Konokono Namba Kumi na Saba

Boti ilizamishwa na kamba fupi. Fundi wa injini aliifunga mwambani kama alivyozoea kuifunga bandarini, kwenye gati linaloelea, linalopanda pamoja na maji. Mwamba haupandi. Bahari ilipojaa, kamba iliishikilia pua ya boti, maji yakaingia, na redio, simu na dumu la maji ya kunywa vikazama nayo. Akikimbilia kuikata kamba, fundi aliteleza akavunjika kifundo cha mguu.

"Tuogelee," alisema akisaga meno.

"Kwa mguu huo? Mkondo utakubeba." Shemeji yake, mtafiti wa konokono wa baharini, alikuwa akimfunga mguu kwa mtandio. "Tupande."

"Hadi wapi? Leo bamvua, shemeji, maji hujaa kupita siku zote! Mwamba ukifunikwa wote?"

"Hadi kumi na saba."

Miaka mitatu fundi alikuwa akimleta hapa na kumtania: mtu mzima na shahada zake, anapaka konokono rangi ya kucha! Sasa alipanda kwa viwiko na magoti, shemeji akimsukuma kama gunia, hadi akamwona: konokono mdogo kuliko kidole gumba, mgongoni 17 nyekundu, amemkumbatia kome.

"Anatoboa gamba," shemeji alisema. "Leo siku ya pili. Akipenya, anamla."

"Anatumia nini kutoboa?"

"Ulimi. Una meno. Na hawa huishi panapofikiwa na maji tu. Juu ya hapa sijaona hata mmoja, bamvua zote nilizokuja."

Walikaa hatua moja juu yake. Wimbi likapiga, fundi akapiga kelele; vidole vyake vilichanika kwa kung'ang'ania jiwe. Konokono hakutikisika. Likaja jingine, kubwa zaidi, na yule mdogo yuko palepale, kazini. Fundi alimwonea fahari, na aibu ikamshika kwa mizaha yake yote. Mwenda pole kweli hajikwai.

Maji yalimfunika kumi na saba, yakalamba visigino vyao, yakakaa hapo kitambo kirefu. Kisha yakaanza kushuka.

Alasiri boti ya doria ilifika. Mke wa fundi ndiye aliyeituma, alipoona mumewe na dada yake hawajarudi kula. Baharia mmoja aliruka mwambani na mabuti yake.

"Wee! Angalia unapokanyaga!" fundi alifoka, midomo imepasuka kwa kiu.

"Kuna nini?"

"Kuna mwenzetu hapo. Hajamaliza kazi."