Viti vya Nairobi

Kwa maneno ya Pudensiana muuza mkaa, ilikuwa hivi. Alikuwa anavuka barabara iendayo Nairobi pale Sakina, jua la utosi, mara akasikia ngurumo kama radi iliyofungiwa ndani ya pipa. Kugeuka, ni lile gari jeusi la Kimarekani ambalo fundi Derick amehangaika nalo tangu masika. Derick yumo, kakaa kulia, anaendesha, shingo kainyoosha kama jogoo. Na kushoto kwake kuna msichana: miwani ya jua, blauzi nyekundu, nywele zinapepea dirishani. Wanacheka wenyewe kwa wenyewe. Halafu huyo msichana, akaongeza Pudensiana, kashika kitu mbele ya kifua kwa mikono miwili, pochi labda.

"Sikwambii ili nikuharibie, mdogo wangu," alimalizia, akijipangusa masizi. "Nakwambia kwa sababu Mungu alinipa macho."

Aikande, mpenzi wa Derick, alikuwa ameinamia cherehani, anashona kiti cha bodaboda, na aliendelea kushona mpaka mwisho wa mshono. Pudensiana alikuwa ameona kweli, ila alichokiona hakukielewa. Gari lile usukani wake uko kushoto, kama magari ya huko kwao yote. Yule msichana hakushika pochi. Alishika usukani. Derick ndiye aliyekuwa anabebwa.

Hapo ndipo palipouma. Kubebana kungeweza kusameheka. Lakini Aikande alipoomba, mwezi uliopita tu, walau aliendeshe kutoka gereji hadi getini, Derick alicheka akamwambia lile gari lina hasira, halishikwi na mwanamke.

Yeye na Derick walikuwa wamekutana kwenye duka la vipuri, Jumamosi moja ya msongamano, wote wawili wameshika ncha mbili za robota moja la ngozi nyeusi ya plastiki, na hakuna anayeachia. Derick alimuuliza anashona nini. Alipojibu viti vya bodaboda, kijana akatabasamu, akamuuliza kama anaweza kumvalisha mnyama. Akampeleka akalione gari.

Mustang ya mwaka sitini na tisa. Boneti ndefu kama meza ya karamu, halafu nyuma limekatwa ghafla, utadhani waliolitengeneza walighairi. Paa lilianza juu ya dereva likateremka moja kwa moja hadi mkiani. Mbele taa nne, mbili zimefichwa ndani ya wavu, na kwenye wavu huohuo farasi anakimbia. Nyuma, kila upande, taa tatu nyembamba zimesimama wima kama chale za shavuni. Na juu ya boneti palikuwa na tundu. Pua ya injini imetokeza hapo, na injini ikiwaka, pua hiyo inatikisika yenyewe kama mtu anayezuia tusi.

"Liangalie sura," Derick alimwambia siku ile. "Magari mengine yanakuchekea. Hili lilizaliwa limenuna."

Viti vilikuwa vimeliwa na panya. Aikande alifumua vitambaa vya zamani kipande kwa kipande, akavitandika chini, akavisoma jinsi vilivyokaa. Sindano zilivunjika. Vidole vilitoka damu. Aliirudia ile mistari minene ya migongo ya viti, mmoja mmoja, akaipitishia uzi mwekundu uliokuwa wazo lake mwenyewe. Derick alipoviona akamwita kwa jina la utani alilompa, Makande, kama kile chakula cha mahindi na maharage, akamwahidi kwamba gari likitembea, yeye ndiye wa kwanza kupanda. Jumapili baada ya ibada watashuka nalo Kikatiti, kwao Aikande, Derick akapige hodi kwa baba mtu, ajitambulishe.

Jioni ile ya maneno ya Pudensiana, simu iliita.

"Makande yangu, umeshindaje?"

"Nimeshinda."

"Mbona sauti kavu hivyo? Nikuletee chai?"

"Kesho nakuja gereji," akasema, akakata.

Asubuhi alivaa gauni la kijani aliloshonewa kwa harusi ya dada yake, akachana nywele, akapaka mafuta hadi visigino. Mtu haendi kwenye ugomvi na nguo za kazini.

Derick alimsikiliza hadi mwisho, kisha akacheka kwa nafuu. Akaeleza kwamba yule ni Irine, binti wa Mzee Gadiel, mwenye gari. Alikulia Marekani na baba yake, usukani wa kushoto ndio anaoujua, na mzee mwenyewe ndiye aliyemtuma akalijaribu. Angemkatalia vipi mtoto gari la baba yake? Aikande alimtazama machoni muda mrefu, kama anavyokagua mshono. Hakuona uongo. Mabega yakaanza kushuka. Derick akamshika mkono, akamuuliza kama gauni hilo ndilo la Kikatiti, maana baba mkwe akiliona atapandisha mahari. Aikande akakaribia kucheka.

Ndipo Irine mwenyewe akaingia, amefuata miwani aliyoisahau garini. Alifungua ule mlango mrefu, akakaa, akapitisha kiganja juu ya mistari ya kiti.

"Dada, njoo uguse," alimwita Aikande kwa uchangamfu. "Baba kila mgeni anamsimulia hivi viti. Fundi alivitoa Nairobi. Huu uzi mwekundu umeniua kabisa."

Aikande aligusa. "Ni vizuri," alisema.

Alisubiri hadi Irine alipochukua miwani yake, akaaga, akatoka getini.

"Nairobi ipi hiyo, Derick?"

"Punguza sauti, basi."

"Sijaipandisha."

Derick alijifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. Alisema mzee alipoviona alishangaa, akauliza ni kazi ya nani. Naye akawaza, akisema ni ya binti wa banda la mabati Sakina, mzee atatafuta kasoro uzi kwa uzi. Nairobi ikamtoka mdomoni. Mzee akasifu, akasifu tena mbele za watu, na kurudi nyuma kukawa kugumu.

"Nilikuwa nailinda kazi yako, mpenzi."

"Kazi uliilinda. Mimi ukanificha."

"Si Jumapili tunakwenda kwenu? Mtu anaficha mtu halafu anampeleka kwa baba yake?"

"Na baba akikuuliza binti yangu anafanya nini mjini, utamjibu nini? Kwamba hayupo, yuko Nairobi?"

Derick alianza kucheka, akaona uso wake, akaacha.

"Makande yangu..."

"Usiniite chakula. Nina jina. Hilo ndilo ulilolionea aibu."

Mafundi wa upande wa pili waliacha kugonga. Aikande aliwaona, na kwa mara ya kwanza hakujali nani anasikia.

"Yule msichana nilimchukia usiku kucha bure," alisema. "Amesifu mikono yangu bila kunijua. Wewe unayenijua ndiye umenifuta."

"Unataka nifanye nini sasa? Niambie, nitafanya."

"Mpigie Mzee Gadiel. Hapa hapa, nikisikia. Mwambie viti vyake kavishona Aikande, yuko Sakina kando ya muuza mkaa, na ndiye unayetaka kumwoa."

Derick alitoa simu mfukoni. Akalitafuta jina la mzee, akalipata. Akaiangalia Mustang iliyonuna mbele yao, akawaangalia wale mafundi waliosimama na nyundo mikononi, akayarudisha macho kwenye kioo cha simu.

"Mpigie," Aikande alisema tena, taratibu.

Kidole gumba kilikuwa juu ya jina, hakijaligusa.