Baraka ya Papa Ilibaki Ndani ya Masini ya Fiston

Nina miaka makumi tatu na ine, naishi hapa Goma, na kazi yangu ni kupiga video za harusi. Wasomaji wenzangu, naandika nikiwa na hasira, na kubwa zaidi ni ile ninayojikasirikia mwenyewe!

Studio yangu ilikuwa mutaa wa Himbi, tukifanya kazi na Fiston, muchumba wangu. Waliotusumbua ni wale wa vibanda vya kupakia nyimbo na filamu katika telefone. Ukimupa bibi harusi video yake leo, kesho iko kila kibanda, mutaa muzima unamucheka shangazi aliyeanguka akicheza! Nani atarudi kwetu kuomba kopi?

Basi Fiston akaleta programu ya kufunga video. Lisansi yake, ile ruhusa ya kuitumia, ilikubali masini moja tu, yaani kompyuta moja, na video iliyofungwa ilifunguka tu kwenye telefone ambayo masini ile imeiruhusu. Akaiandikisha kwa jina lake, katika masini yake. Mimi nikafurahi... Ujinga gani ule!

Kisha Papa akaugua. Dada yangu mudogo, Furaha, alikuwa Kampala akijitayarisha kuolewa, na Papa aliona yeye hatafika siku ya harusi. Akaniita: "Mama, leta kamera yako, nimuachie mutoto wangu baraka." Akavaa koti lake la misa, akaketi kitandani, akaongea karibu dakika kumi.

Nikaifunga video ile katika masini ya Fiston kama zingine zote, nikabaki na kopi iliyofungwa. Halafu nikafuta kadi ya kamera, sababu Jumamosi nilikuwa na harusi kule Kituku. Nani aliniambia nimufungie hata Papa wangu? Hakuna mutu! Ni mazoea tu...

Papa akafa. Tulipotoka kwenye kilio, mbele hata sijairuhusu telefone ya Furaha, nikasikia kwamba Fiston ametoa mahari kwa musichana mwingine kule Bukavu. Yesu wangu! Nilimutukana mbele ya majirani, nikamufukuza. Akaenda na masini yake.

Nikajaribu video kwa telefone yangu, kwa tablete, kwa televizyo ya jirani. Kila pahali jibu moja: chombo hiki hakina ruhusa. Nikameza haya, nikamupigia Fiston. Nililia, nikamuomba kwa ajili ya Papa aliyekuwa anamuita mwanangu. Akaniambia masini ameiuza, aliyeinunua amefuta vyote, na lisansi ameihamishia kwa masini ingine, isiyoweza kufungua video za zamani. "Ungeniuliza mbele ya kunitukana," akasema, akakata.

Nikaenda Kampala mikono mitupu. Furaha hakunigombeza. Aliniuliza tu mimi dada yake mukubwa, "Yaya, si ulikuwa pale? Papa aliniambia nini?"

Sikukumbuka hata sentensi moja ya Papa! Siku ile ya kumupiga video nilivaa visikilizio masikioni dakika zote, lakini nilikuwa nasikiliza kama kelele za pikipiki zinaingia. Macho yalikuwa kwa mwangaza na betri. Maneno yenyewe nilijiambia nitayasikiliza kisha.

Ndugu zangu, nawasihi! Lisansi ya kazi yenu iwe kwa jina lenu, hata kama munapendana namna gani. Kitu cha familia musikifunge, na kadi musiifute. Na muzee wenu akiongea, mumusikilize kwanza!

Furaha anapiga simu mpaka leo, ananiuliza kama Papa alitaja jina lake. Namujibu ndiyo, alilitaja mara mbili. Ninyi nawaambia ukweli: sijui.