Mikono Iliyochelewa Kimondoni

Saa mbili asubuhi, Jumatatu ya likizo ya Aprili, kiwakilishi kiliwasha macho yake katika ukumbi wa stesheni ya Vwawa, kikakunja na kukunjua vidole, kikasimama. Kilikuwa na kimo cha mwanamke mzima, ngozi ya mpira wa kijivu, na penye uso kioo kipana. Juu ya kioo hicho ikatokea sura ya Tusekile Nzowa, mhandisi wa mitambo ya kuchimba barafu katika ncha ya kusini ya Mwezi.

Tusekile mwenyewe alikuwa huko huko Mwezini, amevaa barakoa ya kuonea na glavu za hisia. Akiinua mkono wake, mkono wa kiwakilishi huinuka duniani. Ila si papo hapo. Alichokiona kilikuwa kimepitwa na sekunde moja na robo, na alichokiamuru kilihitaji muda kama huo kufika. Hata mwanga, pamoja na mbio zake zote, haukuweza kuifupisha safari hiyo. Wanawe walikwisha zoea, walisalimu, wakangoja.

"Shikamoo, mama!"

Kimya kidogo. Kisha sura kiooni ikatabasamu. "Marahaba, wanangu. Lusajo, umerefuka! Bupe, nani kakusuka?"

"Mama mdogo," alijibu Bupe, akimwonyesha Sekela kwa kidole.

Sekela alikuwa mdogo wake Tusekile. Ndiye aliyewalea watoto tangu dada yake aende Mwezini miaka mitano iliyopita, mwaka mmoja baada ya baba yao kufariki. Wakati huo Lusajo alikuwa na miaka mitatu, na Bupe hajatimiza mwaka. Kila likizo ya Aprili, wafanyakazi wenye watoto walipewa kiwakilishi kwa siku mbili. Tusekile alizipanga siku hizo mwaka mzima, kama wengine wanavyopanga harusi.

Safari hii Lusajo alitaka Kimondo cha Mbozi, jiwe lililotoka angani. Sekela alifungasha viazi vya kuchemsha na chupa ya chai, wakapanda gari lijiendeshalo, wakapita mashamba ya kahawa yaliyolowa. Mvua ilikuwa ya manyunyu, ile isiyonyesha wala isiyokata. Walipofika hapakuwa na wageni wengine. Kimondo kililala katika shimo lake, cheusi, kimejikunyata.

"Haya, mchezo wa kwanza," alisema Tusekile. "Jiwe hili lina uzito wa tembo wangapi?"

"Mia!" alipiga kelele Bupe.

Lusajo alilizunguka kwa hatua, akahesabu, akakuna kichwa. "Watatu?"

"Umepatia, baba. Sasa ligongeni."

Waligonga kwa kokoto. Jiwe likalia kama kengele ya shule, na Bupe akaruka nyuma kwa mshangao. Mama yao akawaeleza kwamba ni chuma kitupu, kilichozurura gizani kabla ya kuwapo mtu wa kukiona. Kisha akawapanga: Lusajo awe Jua, asimame katikati ya uwanja, Bupe awe Dunia, amzunguke kaka yake, na kiwakilishi kiwe Mwezi, kimzunguke Bupe kikimtazama usoni daima.

"Ndivyo Mwezi unavyofanya," alisema. "Hauipi Dunia mgongo hata siku moja."

"Mbona wenyewe hauanguki kama hili jiwe?" aliuliza Lusajo.

"Unaanguka kila siku, mwanangu. Ila unakwenda mbio kwa ubavu, kwa hiyo kila ukianguka, unaikosa Dunia."

"Maskini," alisema Bupe.

Sekela alicheka huku akimenya viazi. Kule Mwezini, Tusekile naye alicheka, na kwa kitambo akasahau kwamba yuko mbali. Ndipo Bupe alipokwea ukuta wa mawe kando ya shimo. Alikuwa amechangamka, naye mtoto aliyechangamka hakumbuki kungoja.

"Mama, nidake!"

Tusekile alimwona angani, mikono imetanuka, kinywa wazi kwa kicheko. Akajitupa mbele kwa nguvu zake zote. Lakini mtoto yule aliyemwona angani alikuwa amekwisha fika chini. Aliona kichwa kidogo kikiinama, mkono ukipinda chini ya mwili. Akaona Sekela akitupa kisu na kukimbia. Kisha, muda wake ulipotimia, mikono ya kiwakilishi ikachomoka, ikakumbatia hewa na kumgonga Sekela mgongoni, naye amepiga magoti juu ya mtoto.

"Rudi nyuma, dada!" alilia Sekela. "Rudi nyuma!"

Tusekile alirudi nyuma. Hata huko kurudi nyuma kulichelewa.

Mfupa wa mkono ulikuwa umevunjika sehemu mbili. Hospitalini walimfunga Bupe plasta mpaka juu ya kiwiko, wakamlaza kitanda cha dirishani. Kiwakilishi kiliketi kwenye benchi, magoti pamoja, kama mgeni asiye na hakika kama amekaribishwa.

"Mama," alisema Bupe kwa sauti ya usingizi, "mikono yako ilikuwa inafanya nini?"

"Ilikuwa inakuja, mwanangu."

"Ukija mwenyewe utanidaka?"

"Anakuja mwakani," alidakia Lusajo. "Mkataba unaisha. Mimi nahesabu miezi."

Tusekile alikuwa na jibu tayari, lile lile alilolitoa mara nyingi. Safari hii aliliacha. Akawaambia ukweli kwa maneno mepesi kadiri alivyoweza: kwamba Mwezini kila kitu ni chepesi, hata mtu; kwamba mifupa ikikaa muda mrefu bila kubeba uzito hulegea, na moyo nao husahau kusukuma damu kwa nguvu; kwamba wengine hupona wakirudi, lakini mwili wake ulikataa dawa zote. Daktari alimwambia asingeistahimili Dunia hata kwa wiki moja.

"Ulijua lini?" aliuliza Lusajo.

"Kabla ya likizo ya mwaka jana."

"Tulipokwenda kuona viboko, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Ukasema utakuja tupande mtumbwi."

"Nilisema."

Lusajo hakulia. Alishuka kwenye benchi, akazunguka kitanda, akaenda kuketi upande wa Sekela, akamlalia mapajani. Tusekile alimwita kwa jina. Alingoja, akangoja tena, akatambua kwamba kimya hiki hakikuwa cha mawimbi yaliyo safarini.

Sekela ndiye aliyeinuka baada ya muda mrefu. Uso wake ulikuwa na hasira, maana naye hakuwa ameambiwa kitu.

"Ungeniambia mimi, dada," alisema. "Mimi ningekusaidia kubeba."

Akaweka kiganja chake juu ya bega la kiwakilishi, akakiacha hapo. Wahandisi walikuwa wametia hisia kwenye mikono peke yake. Mabegani hawakutia kitu. Tusekile aliutazama mkono wa mdogo wake, vidole vilivyojikunja kwa nguvu juu ya mpira wa kijivu, akalia ndani ya barakoa.