Kitabu cha Pili cha Fundi Kimya

Gisèle alimsifu Pascasie kwa ukurasa ambao Pascasie hakuuandika. Hivyo ndivyo mambo yalivyoanza, kwa sifa, katika saluni ya mbao kule Katoyi, mjini Goma.

Jumamosi wanawake walikusanyika pale. Aliyekuwa akisukwa alishika kitabu na kuwasomea wenzake, akichoka mwingine alimpokea, na kitabu kilipoisha kila mmoja alitoa maoni mbele ya mwandishi bila kumwonea haya. Kitabu cha kwanza cha Pascasie kilijulikana kwa njia hiyo. Kilisimulia habari za Fundi Kimya, mshonaji mpole aliyewaua wateja wake. Kwanza alimpima mtu mabega. Mtu aliporudi, alimpima kiuno. Siku aliyompima shingo, mtu huyo hakutoka tena dukani. Mwishoni Pascasie alimuua na kumtupa shimoni, lakini wasomaji hawakukubali. Walimtaka Fundi wao. Basi akamfukua katika cha pili na kumuua tena mwishoni, na mzee Balagizi wa duka la fotokopi akakibana kwa pini vizuri kuliko alivyoombwa, akampa pia Uwitonze, binti wa Pascasie, karatasi zilizoharibika ili achoree.

"Ya pili inapita ya kwanza," alisema Gisèle, vidole vyake vikiwa ndani ya nywele za Umuhoza.

"Inapita wapi?" Umuhoza alibisha. "Hapa anaua batu mbio mbio. Ya kwanza ilikuwa inakuogopesha polepole. Hii, kabla umeze mate, mutu amekufa."

"Weye unapenda polepole juu bwana yako anatembeaka polepole."

Saluni nzima ikacheka, Umuhoza naye akacheka huku akishika kichwa kilichovutwa.

"Miye," Gisèle aliendelea, "kipande yenye ilinikamata roho ni ya ule mutoto wa bote za njano. Vile Fundi anamupima mabega, na mutoto anacheka, anazani ni muchezo. Dada, ulitoa wapi nguvu ya kuandika vile?"

Pascasie alitabasamu, akidhani anataniwa. "Mutoto gani?"

"Mumuone huyu! Ule wa bote za njano."

"Gisèle, mu kitabu yangu hamuna mutoto."

Hakusema uongo. Mara nyingi alikuwa amejaribiwa kumtia mtoto, na kila mara mkono wake ulikataa. Alichukua kitabu, akafunua ukurasa baada ya ukurasa. Hapakuwa na mtoto. Gisèle naye akafunua, uso ukikunjamana.

"Tulisoma hapa. Si muliisikia?"

Wote walikuwa wameisikia. Nje ya mlango, Uwitonze wa miaka minne alikuwa akiruka dimbwi la mvua, na miguuni alivaa buti za njano ambazo Gisèle mwenyewe alimpa zilipokuwa ndogo kwa mwanawe.

Pembeni alikaa Mama Philomène, shangazi wa mume wa Pascasie, aliyekimbia kutoka Rutshuru na kufikia kwao. "Miye sijui kusoma, nasikiaka tu," alisema. "Lakini mukitaka mawazo yangu, kosa iko mu kitabu ya kwanza. Ule mutu alikufa bila kuzaa, na mulimutupa mu shimo bila kala mu mukono. Kwetu, mwenye hana mutoto anazikwa na kipande ya makala, kaa yenye imezimika. Banamwambia, umezimika, usirudi kutafuta mutoto. Huyu hakuna mwenye alimwambia."

"Shangazi, ni mutu wa kitabu!" alisema Pascasie.

"Ni wa kitabu, ndiyo. Lakini mulimuita, muji muzima, kila Jumamosi. Kitu yenye inaitwa na batu bengi inaota masikio."

Walicheka tena, lakini si kama mara ya kwanza.

Mchana wa kesho yake mvua ilinyesha, na ukungu ukashuka kutoka mlimani hadi kwenye mabati. Pascasie alikuwa akichambua maharage jikoni aliposikia harufu ya nguo mbichi chini ya pasi ya moto. Hapakuwa na mtu aliyepiga pasi. Kisha akamsikia Uwitonze akicheka chumbani.

"Papa, inatekenya!"

Baba yake, Anastase, alikuwa katika mji wa Kiwanja na lori la vitunguu, njia imefungwa, wala simu yake haikupatikana.

Pascasie aliingia chumbani. Mtoto alikuwa amesimama juu ya kitanda, mikono ameitanua kama anayepimwa.

"Unasema na nani, mama yangu?"

"Papa wa nguo. Atanishonea robe, gauni mupya."

"Alikushika wapi?"

Uwitonze akagusa bega moja, kisha la pili. Pascasie akavuta kola ya gauni. Kutoka bega hadi bega ulipita mstari mwembamba, mweupe, baridi kama kijiko kilicholala nje.

Alimfunga mgongoni kwa kitenge ingawa alikuwa mkubwa kwa kubebwa, akamwita Mama Philomène, wakakimbilia saluni. Njiani simu ililia. Ilikuwa sauti ya Umuhoza, imerekodiwa kwa furaha, hajui lolote: "Dada, nimerudilia kusoma, Gisèle iko na haki. Pale Fundi anapima mutoto kiuno, nimelia kabisa. Pongezi!"

Pascasie alisimama katikati ya barabara ya mawe meusi. Mgongoni, Uwitonze alikuwa ameacha kuimba. Alipompapasa kiunoni chini ya kitenge, vidole vyake vilikutana na baridi ileile, imezunguka mzunguko mzima.

Imebaki shingo.

Pascasie alimwonyesha Gisèle alama zile. Gisèle alipoziona tu alifunga mlango wa wateja, akawasha makaa katika mbabula, jiko lake dogo, na kumweka mtoto karibu na moto, kisha akatuma watu wamwite kila mwenye kitabu. Umuhoza alikuja na mvua kichwani, nywele zimelowa, akatoa chake. Walivichoma vyote. Karatasi zilipinda, zikawa nyeusi, na kwa muda mfupi chumba kilinuka karatasi tu, harufu njema ya kawaida.

Ndipo Umuhoza, aliyekuwa amekaa mikono mitupu magotini, akaanza kusoma.

Alisoma kwa sauti yake ya Jumamosi, macho yakitazama mapajani ambapo hapakuwa na kitu: "Fundi akainama mpaka uso wake ukawa sawa na uso wa mtoto, akaikunjua tepu yake polepole, akamwuliza, unaniita nani?"

"Nyamaza!" Pascasie alipiga kelele.

"Siyo miye!" Umuhoza alilia, akaziba mdomo kwa mikono miwili, lakini sauti iliendelea nyuma ya vidole, na sasa wanawake wengine nao walikuwa wakitikisa midomo pamoja naye kama watu wanaojua sala kwa moyo: "Na mtoto akamjibu."

"Papa," alisema Uwitonze karibu na moto.

Kidevu chake kikainuka. Hakukiinua yeye, kiliinuliwa, taratibu, kwa adabu, kama fundi mzuri anavyoinua kidevu cha mteja kwa ncha ya kidole, na macho ya mtoto yakabaki yanamtazama mama yake kwa pembeni huku pumzi yake ikianza kupita kwa mluzi mwembamba.

Pascasie alianguka magotini mbele ya Mama Philomène. "Shangazi, nisaidie. Nisaidie, nitafanya yote."

"Azikwe. Azikwe sasa, vile batu banazikwa. Lakini kala haiwekwe na mugeni. Inawekwa na mutu wa jamaa yake."

"Hana jamaa!"

"Nani alimuleta mu dunia?"

Macho yote yakamgeukia Pascasie. Gisèle alimshika Pascasie mkono. "Hapana, dada. Tuite padri kwanza. Hujui unajifunga na nini."

Pascasie alimtazama mwanawe, na shingo ile ndogo iliyonyooshwa, na mstari mweupe uliokuwa tayari umetokea chini ya sikio la kushoto na kutambaa kuelekea koo. "Padri iko mbali," alisema. "Nipe jembe."

Walichimba nyuma ya saluni, na ardhi ya Goma si ardhi, ni moto wa zamani uliogeuka jiwe, kwa hiyo waling'oa mawe kwa mikono, wanawake waliosukwa nusu na wanawake wenye mimba, kucha zikivunjika, mvua ikijaza shimo kabla halijawa shimo, na hakuna hata mmoja aliyesema nimechoka. Jirani aliwakatia kipande cha mgomba kiwe mwili. Gisèle alikiviringisha katika kitenge chake kipya, kile alichokiweka kwa ajili ya harusi ya mdogo wake, wala hakukitazama mara ya pili. Mama Philomène alichota kala kutoka mbabula, akalizima kwa maji ya mvua, akampa Pascasie.

Pascasie alishuka shimoni, akalibana lile kala jeusi katika kitenge, mahali ambapo mkono ungekuwa.

"Miye ndiyo mama yako," alisema. "Miye nilikuzaa. Umezimika, mwanangu. Huna mutoto. Usirudi kutafuta mutoto."

Hakuna kilichotokea. Ndani ya saluni mluzi wa pumzi ulizidi kuwa mwembamba.

"Aliliwe," Mama Philomène alinong'ona. "Mwenye haliliwe haendeke."

Nani amlilie muuaji? Pascasie alidhani atalazimika kujifanya. Lakini alipokigusa kile kifurushi kilicholowa, alikumbuka kwamba alimuua mtu huyu na kumfukua na kumuua tena, ili watu wafurahi, na hakumpa hata kitu kimoja cha kupenda. Machozi yakaja yenyewe. Alilia kwa sauti kubwa, kilio cha mama, mpaka Gisèle akaanza kulia pamoja naye, na Umuhoza, na wote.

Ndani, mtoto akakohoa. Kisha akalia kwa hasira, akidai uji.

Baada ya hapo saluni iliacha vitabu kwa muda. Wanawake walisuka wakizungumzia bei ya unga. Alama kwenye ngozi ya Uwitonze zilifutika, na Gisèle alimletea maziwa kila asubuhi bila kuombwa.

Alasiri moja ya jua kali, Pascasie alikuwa akiosha vyombo ndani, na Uwitonze akicheza uani na kopo. Mlango wa mbele ukagongwa kwa upole.

"Mama."

Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya heshima, imechoka kama ya mtu aliyetembea mbali. Anastase alikuwa hajafika, na yeye humwita mke wake kwa jina.

"Mama. Nimerudi. Niko na njaa."

Harufu ya nguo mbichi chini ya pasi iliingia kwa chini ya mlango. Pascasie alisimama na sahani mkononi, maji yakidondoka, na polepole akaelewa. Alikuwa amemkataza kutafuta mtoto. Kutafuta mama hakumkataza. Mama huyo alimpa yeye mwenyewe, mbele ya mashahidi, kwa machozi ya kweli.

Uani, kopo likaacha kulia. Uwitonze alikuwa ameinua kichwa. "Mama, nani anaita? Niende kufungua?"

"Hapana! Baki palepale, mupenzi. Anaita miye."

Alisubiri mpaka aliposikia kopo likianza kugonga mawe tena. Kisha akafuta sahani vizuri, akaijaza maharage, akaiweka mezani, akavuta kiti. Ambaye ameitikiwa na mama hana haja ya kwenda kumwita mtoto.

"Niko hapa, mwanangu," alisema Pascasie. "Ingia, ukule."